Jino lavunjika mchana, kisa chake cha usiku

Ami yangu wa Wete, Pemba, alivunja gego lile lile mara tatu ndani ya miaka minne. Mara ya kwanza alisema ni mwiba wa nguru. Mara ya pili akasingizia kokoto kwenye wali. Mara ya tatu hakuwa na cha kusingizia, maana lilikatika asubuhi akinywa chai kwa mkate wa boflo, chakula ambacho hata kizee asiye na meno angekimaliza. Kila mara alikwenda kutibiwa, jino likazibwa, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Na mkewe, ambaye kwa miaka alikuwa akihamia chumba cha watoto ifikapo saa sita za usiku kwa ajili ya mkoromo, hakupata kufikiri kwamba mkoromo ule na gego lile ni habari moja.

Sikumlaumu. Hata mimi nilidhani kukoroma ni dalili ya mtu aliyechoka na kulala vizuri. Kwetu husemwa hivyo hivyo: "Muache, kashalala fofofo." Nimekaa na suala hili muda mrefu tangu hapo, nikasoma na kuwauliza wanaojua, na naona wengi wetu tumeyachanganya mambo manne au matano ya usiku kwenye kapu moja. Kukoroma, kukatika pumzi, kusaga meno, mdomo mkavu, kukabwa na jinamizi: kila moja lina njia yake, ingawa baadhi huandamana.

Tuanze na koo, kwa sababu ndiko kwenye asili ya mengi.

Pua imeshikiliwa na mfupa na gegedu. Bomba la pumzi shingoni lina pete za gegedu. Lakini kipande cha katikati, kuanzia nyuma ya kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hadi nyuma ya shina la ulimi, hakina kitu kigumu cha kukisimamisha. Kimezungukwa na nyama tupu. Ndicho kinachotuwezesha kumeza na kusema, kwa hivyo hakina budi kuwa laini. Mchana misuli yake hukiweka wazi bila sisi kujua. Tukilala, misuli hulegea. Kwa watu wengi njia hubaki na upana wa kutosha. Kwa wengine hubana, na hewa inayopenya kwa shida hukitikisa kimio na kaakaa laini. Mtikisiko huo ndio mkoromo. Na kwa wengine kuta za koo hukutana kabisa. Aliyewahi kunywa dafu kwa mrija mlaini pale Forodhani anaijua hali hii: ukivuta kwa nguvu mrija hujibana, na ukizidi kuvuta unazidi kufunga. Kifua kinavuta, hewa haiingii.

Madaktari huiita apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa tukio moja. Oksijeni ya damu inashuka, ubongo unashtuka na kumuamsha mwenyewe kidogo, kiasi cha kukaza misuli ya koo. Anavuta pumzi kwa kishindo, kisha anazama tena usingizini. Asubuhi hakumbuki. Ndiyo maana mgonjwa huwa shahidi dhaifu wa ugonjwa wake, na anayelala pembeni yake ndiye anayeujua.

Ukali wa hali hupimwa kwa kuhesabu mara ngapi kwa saa pumzi imekatika au imepungua sana. Kwa mtu mzima, chini ya 5 si ugonjwa. Kuanzia 5 mpaka chini ya 15 ni hali nyepesi, 15 mpaka chini ya 30 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali. Mara 30 kwa saa maana yake ni kushtuliwa kila dakika mbili usiku kucha, halafu kulipokucha mtu huyo huyo apande mkarafuu au ashike usukani wa gari ya shamba. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba duniani watu wapatao milioni 936 wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana tatizo hili, na milioni 425 kati yao wako katika hali ya kati au kali. Wengi hawajui. Shinikizo la damu lisiloshuka kwa dawa, maumivu ya kichwa ya asubuhi, kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, kusinzia katikati ya mazungumzo: kila moja hutibiwa peke yake, mahali pake, na usingizi hauulizwi.

Unene huongeza hatari, hasa mafuta yakijaa shingoni. Lakini nimewasikia watu wembamba wakiambiwa "wewe huwezi kuwa na maradhi hayo", na hilo si kweli. Mtu mwenye taya dogo la chini lililorudi nyuma huwa na ulimi wa kawaida ndani ya chumba kifinyu, na usiku ulimi hauna pa kukaa ila nyuma. Huyu anaweza kuwa mwembamba kama ufito na pumzi ikakatika mara 20 kwa saa.

Hapo ndipo mtaalamu wa meno anapoingia. Ni yeye anayekaa mbele ya mdomo ulio wazi, taa imewaka, anatazama mahali penyewe. Mwaka 1985 daktari wa usingizi wa upasuaji, Seshagiri Mallampati, alieleza njia nyepesi ya kutabiri ugumu wa kuingiza mpira wa pumzi kooni: mgonjwa afungue mdomo, atoe ulimi, na daktari aangalie anaona nini. Kimio kikionekana chote, nafasi ipo. Kikifichwa na ulimi, nafasi ni ndogo. Kipimo hicho hakigharimu chochote zaidi ya tochi, na leo hutumika pia kuwatambua wanaofaa kuulizwa kuhusu usingizi wao.

Ziko alama nyengine. Ulimi wenye vibonyeo vya meno pembeni, kama ukingo wa sambusa uliobanwa kwa vidole. Kaakaa lililo jembamba na refu kwenda juu. Fizi za mbele nyekundu na kavu kwa mtu anayelala mdomo wazi. Meno ya mbele yaliyosagika mpaka yakawa sawasawa kama yamepigwa msasa. Misuli ya mashavu iliyotuna. Na upande wa ndani wa meno ya juu kuna ulainifu na mng'aro usio wa kawaida, alama ya tindikali inayopanda kutoka tumboni usiku. Kiungulia cha usiku na kukatika pumzi huonekana mara nyingi kwa mtu mmoja, na tindikali ikishalainisha gamba la jino, kusaga humalizia kazi.

Jumuiya ya madaktari wa meno ya Marekani ilipitisha msimamo mwaka 2017 kwamba kila daktari wa meno awachunguze wagonjwa wake kwa dalili hizi na kuwapeleka kwa daktari anayehusika. Neno muhimu hapo ni kuwapeleka. Mtaalamu wa meno anashuku, hathibitishi. Uthibitisho unataka kipimo cha usiku, ama cha maabara, ambako huwekwa nyaya za kusoma ubongo, macho, misuli, moyo, pumzi na oksijeni, ama cha kifaa kidogo cha nyumbani kinachorekodi pumzi na oksijeni. Maabara ya namna hiyo si kitu cha kila hospitali. Kwetu njia ya kawaida ni kuanzia kwa daktari wa hospitali ya karibu, Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee ya Mkoani, kisha daktari wa masikio, pua na koo, na ikihitajika rufaa ya kuvuka maji.

Kabla ya hayo yote kuna maswali manane yaliyotungwa Toronto na kundi la Frances Chung, yakachapishwa mwaka 2008. Je, unakoroma kwa sauti ya kusikika nje ya mlango? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona pumzi ikikatika? Una shinikizo la damu? Uzito wako umepita sana kimo chako? Umri umepita miaka 50? Shingo yako imepita sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Majibu ya "ndiyo" matatu au manne yanatosha kuleta wasiwasi, na matano kwenda juu ni hatari kubwa. Ami alipata sita. Shingo tulimpima kwa tepu ya fundi cherehani.

Mwanamume ameingizwa kwenye maswali kwa sababu wanaume hupatwa zaidi, lakini wanawake nao wamo, hasa baada ya kukoma hedhi na katika ujauzito. Na kwa aibu ya kwetu, mwanamke anayekoroma huficha zaidi. Naliona hili kuwa dhulma. Mama anaamka amechoka miaka kumi, anaambiwa ni kazi za nyumbani.

Sasa kusaga meno

Jambo hili limezungukwa na dhana nyingi, nami nitakaa hapa kidogo.

Kusaga meno usingizini, ambako kwa kitaalamu ni bruksizimu, si kutafuna ndotoni. Waliopima wameona mfululizo ule ule ukijirudia: ubongo unashtuka kidogo, moyo unaongeza mwendo, kisha misuli ya taya inaanza kukaza na kuachia kwa mdundo, takriban mara moja kwa sekunde. Mara nyingi hutokea katika usingizi mwepesi. Mwenyewe hasikii; wa chumba cha pili anasikia. Utafiti wa Canada wa mwaka 1994 ulikuta watu wazima wapatao 8 kati ya 100 wakisema wanasaga mara kwa mara, na kwa waliopita miaka 60 idadi ikashuka hadi 3. Kwa watoto hali hii ni ya kawaida zaidi.

Je, kukatika pumzi ndiko kunakosababisha kusaga? Wapo wanaosema taya husaga ili kuvuta ulimi mbele na kufungua njia ya hewa. Ni wazo linalovutia, lakini ushahidi hauko wazi kiasi hicho. Kwa baadhi ya watu kusaga huja baada ya pumzi kukatika, kwa wengine hakuna uhusiano wowote, na wapo wanaosaga wakiwa na pumzi safi kabisa. Kinachoviunganisha ni ule mshtuko mdogo wa ubongo, ambao unaweza kuletwa na pumzi iliyokatika, na pia na wasiwasi wa moyo, na sigara, na pombe, na kahawa nyingi. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoxetine na sertraline, nazo zimejulikana kuwaletea watu kusaga. Anayezitumia asiziache mwenyewe, azungumze na aliyempa. Wataalamu wa dunia walikubaliana mwaka 2018 kwamba kwa mtu mwenye afya nzuri, kusaga kwenyewe si ugonjwa bali ni tendo la misuli, na linakuwa tatizo pale linapoleta madhara.

Kahawa nitaigusa hapa kwa sababu najua tunavyoishi. Baraza la kahawa baada ya sala ya isha ni sehemu ya maisha yetu, na sitaki kumuondoa mtu barazani. Lakini nusu ya kafeini ya kikombe bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Anayesaga meno na kunywa vikombe vinne saa tatu za usiku ajaribu wiki mbili kunywa kahawa yake alasiri, usiku ashike chai ya mchaichai, aone tofauti.

Wapo pia wanaobana meno mchana, na hao ni kundi jengine kabisa. Meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana isipokuwa wakati wa kula na kumeza. Jichunguze ukiwa unaendesha gari au unasoma ujumbe wa simu: kama yamegusana, legeza taya, acha midomo ifunge peke yake. Watu wamepona maumivu ya taya kwa zoezi hilo bila dawa.

Kwa anayesaga usiku, matibabu ya kawaida ni kinga ya meno: bakuli jembamba la plastiki ngumu linalovishwa meno ya taya moja. Haizuii kusaga. Inachofanya ni kukubali kuliwa yenyewe badala ya meno. Ni kifaa kizuri, lakini kina tahadhari ambayo watu wengi hawaambiwi. Utafiti mdogo uliofanywa Montreal na kuchapishwa mwaka 2004, kwa wagonjwa 10 waliokuwa na apnia, ulionyesha kwamba baadhi yao pumzi ilikatika zaidi walipovaa kinga ya taya la juu. Watu 10 ni wachache na si hukumu ya mwisho. Hata hivyo utafiti huo unatosha kumfanya mtaalamu aulize kuhusu mkoromo kabla ya kuchukua kipimo cha meno. Pumzi kwanza, kisha jino. Ami angekuwa amewahi kutengenezewa kinga ile kabla ya kuulizwa, meno yangesalimika na huenda pumzi ingezidi kufunga.

Kwa mtoto anayesaga, kwetu jibu liko tayari: minyoo. Anapewa dawa ya minyoo, kusaga kunaendelea, anapewa tena. Dawa ya minyoo ni muhimu kwa sababu zake na watoto wa visiwani waipate kwa ratiba ya kliniki na skuli, lakini uhusiano wa minyoo na kusaga meno haujathibitika vya kutosha kuwa ndio jibu la kwanza. Meno ya utoto husagika na watoto wengi huacha wenyewe wanapokua. La kuuliza ni jengine: mtoto huyu analala mdomo wazi?

Mtoto anayekoroma kila usiku

Mafua yakimkoromesha mtoto siku tatu, hilo si neno. Anayekoroma kila usiku, mwenye mafua na asiye nayo, ana tatizo la kutazamwa. Kati ya miaka 2 na 8 mafindofindo ya kooni na nyama za nyuma ya pua huwa makubwa ukilinganisha na upana wa njia yenyewe, na ndiyo sababu kubwa ya watoto kukatika pumzi. Mtoto hasinzii kama mtu mzima. Mara nyingi huwa mkorofi, hatulii, hasikii la mwalimu, amerudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha. Chuoni anaambiwa hana adabu. Nakumbuka watoto wa namna hii katika chuo nilichosoma, na walivyochapwa. Hakuna aliyeuliza wamelalaje.

Mdomoni huacha alama. Ulimi unatakiwa kukaa juu, umelalia kaakaa, na kwa kukaa huko husaidia kulipanua. Mtoto anayepumua kwa mdomo hushusha ulimi, kaakaa hubaki jembamba, meno ya juu husongamana, uso hurefuka. Mtaalamu wa meno anaweza kuona hili kabla ya daktari mwengine yeyote. Matibabu ya kwanza kwa wengi ni kuondoa mafindofindo na nyama za nyuma ya pua hospitalini, na kwa baadhi hufuatia kifaa cha kupanua kaakaa wakati mifupa ingali inakubali.

Na hapa niseme bila kuzungusha: kukata kimio kwa wembe kwa mganga hakutibu mkoromo wala kikohozi. Kizibo cha hewa hakiko kwenye kimio. Watoto wamevuja damu na kupata pepopunda kwa mila hiyo.

Jinamizi ni kitu chengine

Mtu akisema "usiku nakabwa", sikiliza vizuri anachoeleza. Kuna anayeamka ghafla akitweta, moyo unamwenda mbio, kama aliyetoka chini ya maji. Huyo pumzi yake ilikatika. Na kuna anayefungua macho akaona chumba, akasikia, lakini mwili haukubali kusogea na kuna kitu kizito kifuani. Huyo amepatwa na kiganzi cha usingizi. Katika usingizi wa ndoto ubongo hufunga misuli ya mwili ili tusitende tunayoyaota, na mara chache mtu huamka kabla kufuli hilo halijafunguliwa. Hofu ni ya kweli, na picha zinazokuja nazo ni za kutisha, lakini pumzi haikatiki. Wanaokumbuka mwaka 1995, familia Pemba na Unguja zilipolala nje zikikaa macho kwa kumuogopa popobawa, jini lililosemwa huwavamia watu usingizini, wanajua hofu ya usiku inaweza kufika wapi. Simdharau yeyote aliyepitia. Nasema tu kwamba kukosa usingizi wa kutosha huzidisha kiganzi, na anayeshukiwa apnia asiishie kwenye kombe na visomo peke yake. Asome, na aende hospitali.

Kifaa, mashine, na mengine

Apnia ikithibitika, matibabu yenye nguvu zaidi ni mashine inayosukuma hewa kwa barakoa ya puani au mdomoni, hewa hiyo ikawa kama nguzo inayozuia koo lisibane. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza mwaka 1981, na hadi leo ndiyo chaguo la kwanza kwa hali kali. Shida zake zinajulikana: inataka umeme usiku kucha, na waliokuwa Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi ile mitatu ya kiza, hawana haja ya kuelezwa. Baadhi hukausha mdomo nayo, na mdomo mkavu huoza meno, kwa sababu mate ndiyo yanayosafisha tindikali na usiku mate tayari huwa machache.

Kifaa cha meno ndicho kinachofuata. Ni bakuli mbili, ya juu na ya chini, zilizoungwa kwa namna ya kulivuta taya la chini mbele kwa milimita chache na kulishikilia hapo. Aliyejifunza huduma ya kwanza anajua: mtu akizimia, unainua taya lake mbele ili ulimi uondoke kooni. Kifaa hufanya hivyo hivyo usiku kucha. Wazo la kwamba taya na ulimi huziba pumzi lina umri. Mwaka 1923 Mfaransa Pierre Robin alieleza watoto wachanga wenye taya dogo ambao ulimi huwaanguka nyuma ukawaziba pumzi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2015 unashauri kifaa hiki kwa watu wazima wasioiweza mashine au wanaokipendelea, kitengenezwe kwa kipimo cha meno ya mwenyewe, kiweze kusogezwa kidogo kidogo, na baada ya hapo pumzi ipimwe tena. Hilo la kupima tena ndilo linalosahauliwa. Mkoromo unaweza kunyamaza na pumzi ikaendelea kukatika kimyakimya.

Kinataka meno ya kukishika, kwa kawaida yasiyopungua manane hadi kumi katika kila taya, na fizi nzima. Meno yanayotikisika yatahamishwa. Kwa hiyo anayetafuna tambuu na popoo kwa miaka, fizi zimeshuka na mdomo umeanza kuwa mgumu kufunguka, atibiwe hayo kwanza. Madhara yake ni mate mengi wiki za mwanzo, uchovu wa taya asubuhi, na baada ya miaka, mabadiliko ya jinsi meno yanavyokutana. Vifaa vya kuchovya maji ya moto na kung'ata vinavyouzwa mitandaoni havishiki vizuri na havipimwi na mtu. Mimi singemshauri mtu wangu.

Kupunguza uzito husaidia kweli, na kulala ubavu husaidia wale ambao hali yao huja wakilala chali. Dawa za usingizi na pombe hulegeza koo zaidi. Na anayekwenda kung'olewa au kupasuliwa kinywa kwa dawa ya kulaza lazima aseme kama anakoroma au pumzi hukatika, kabla ya sindano. Dawa kama midazolam na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni hulegeza lile lile koo na kupunguza uwezo wa ubongo kushtuka. Ganzi ya kawaida ya jino haina shida hiyo. Kiti nacho kisilazwe chali kabisa.

Bado kuna anayekosa usingizi kwa sababu ya jino lenyewe. Jino linalopiga kama ngoma ukilala, likatulia ukikaa, kiini chake kimevimba: ukilala damu hujaa kichwani na kiini kimefungiwa ndani ya ukuta usiotanuka. Pemba kila nyumba ina karafuu, na kubana karafuu kwenye jino si ushirikina. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo hutuliza maumivu, na madaktari wa meno huichanganya na zinki oksidi kufanya dawa ya kuzibia kwa muda. Lakini inatuliza tu. Jino linalokuamsha usiku halitapona kwa karafuu, na mafuta yake yakiwekwa mengi huunguza fizi.

Mwezi wa Ramadhani nao una usiku wake: kaimati na visheti mpaka saa nne, usingizi unakatwa kwa daku, mtu anakula na kurudi kulala tumbo limejaa. Kiungulia hupanda, sukari inakaa kwenye meno na mate yamepungua. Daku iliwe, kisha mdomo usukutuliwe na meno yasafishwe kabla ya adhana ya alfajiri, na mto wa kichwa unyanyuliwe.

Kwa ami, mambo yalianza kwa video. Mkewe alimrekodi kwa simu dakika mbili, saa nane za usiku: mkoromo, kisha kimya, kifua kinapanda na kushuka bila sauti, kisha mshindo wa kuvuta pumzi. Niliihesabu kimya ile: sekunde 24. Daktari aliyeionyeshwa hakuhitaji maelezo marefu. Kipimo kilitoa mara 22 kwa saa. Gego lilizibwa tena, fizi zikatibiwa, na baada ya miezi mitatu akapata kifaa cha kusogeza taya, kisha akapimwa upya ikashuka hadi 7. Asubuhi anakiosha kwa maji baridi na sabuni, si ya moto maana yatakipinda, na anatafuna kwa dakika chache kurudisha taya mahali pake kabla ya chai. Mkewe amehama kutoka chumba cha watoto. Usiku akisikia kimya kirefu humgusa bega, na ami hujibu kwa kubofya meno ya plastiki, kumjulisha kuwa kakivaa.